Kutuliza akili si kufuta mawazo
Wengi huamini kuwa zoezi la kutuliza akili ni kuondoa kila wazo kichwani. Sivyo. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya zoezi hili huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, alifundisha kuyatambua mawazo yanapopita, bila kuyafukuza.

Chukua abiria wa matatu ya Jogoo Road, Nairobi, anayepitishwa steji yake kwa kuogopa kumwambia konda "shukisha", watu wasije wakageuka. Moyo wadunda, anajisikiliza mwenyewe tu. Zoezi ni kuhisi nyayo sakafuni, kusikia muziki, kukubali kuwa woga upo, kisha kusema hivyo hivyo sauti ikitetemeka. (Konda hata hamtazami; ana chenji ya kuhesabu.)

Woga ukikufungia nyumbani, muone mtaalamu. Tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mwenendo ina ushahidi mzito zaidi kuliko zoezi hili.