Mwanafunzi Asiyekuja Kusaini Boom

Siku ya kusaini boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, chuoni kwetu haihitaji tangazo. Foleni inaanza kabla jua halijachomoza, wauza chipsi wanawasha majiko mapema, na hata wale ambao hawajatia mguu darasani tangu muhula ufunguliwe utawaona wamenyoa, wamepiga pasi, kitambulisho mkononi. Kwa hiyo CR, yaani kiongozi wa darasa, wa mwaka wa pili aliponipigia jioni akaniambia, "Shikamoo madam, kuna mtu wetu hajasaini," niliacha chai ikapoa.

Mimi ni mnasihi wa wanafunzi hapa Dodoma, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa afya ya akili. Huwa naulizwa, hasa na wazazi na walimu wageni, tunamtambuaje mwanafunzi ambaye mambo yamemzidi kabla hajavunja kioo au hajajidhuru. Wengi wanategemea niwatajie kipimo. Kipimo kipo, nitakifikia. Ila kazi yenyewe inafanana zaidi na kuokota vipande vya chungu kilichovunjikia nyumba tano tofauti.

Mchukueni huyo kijana wa boom (nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane). Mlezi wa bweni alikuwa anajua kwamba anafua nguo saa tisa usiku, kila usiku, zilezile. Alimchukulia kuwa kijana msafi. Mama ntilie wa nje ya geti alijua kwamba mteja wake wa wali maharage sasa anaagiza chai kavu na anakaa ameegemea ukuta. Mhadhiri mmoja alikuwa na kazi yake mezani, kurasa mbili za sentensi zisizoshikana, akaandika sifuri kwa kalamu nyekundu. Mwenzake wa chumbani alikuwa amehamia kwa rafiki bila kumwambia mtu sababu. Na ofisi ya nidhamu ilikuwa na taarifa ya mlinzi kwamba kijana huyo alimtolea maneno makali getini. Watu watano, kila mmoja na kipande chake, na hakuna aliyekuwa na chungu.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Aprili 16, 2007, mwanafunzi wa chuo cha Virginia Tech aliua watu 32 kisha akajiua. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba walimu wake, polisi wa chuo, watu wa mabweni na wanasihi wote walikuwa wameona jambo, lakini habari hazikukutana. Baada ya hapo vyuo vingi vya huko vikaunda timu ndogo zinazokutana mara kwa mara kuzungumzia wanafunzi wanaotia wasiwasi. Mimi nimeazima kutoka kwao hiyo meza ya pamoja tu. Hofu yao nimewaachia wenyewe, kwa sababu mwanafunzi mwenye dhiki kwa kawaida si hatari kwa mtu mwingine. Akiwa hatari, mara nyingi ni kwa nafsi yake.

Meza yetu ni ya watu sita, kila Jumatano, nusu saa. Yupo mtu wa mabweni, wa zahanati, wa taaluma, wa dawati la mikopo, mwakilishi wa serikali ya wanafunzi na mimi. Hatusomi majalada ya matibabu pale. Tunauliza swali moja: nani amebadilika? Mwanafunzi mkorofi tangu mwaka wa kwanza hanishtui kama mcheshi aliyenyamaza ghafla. Anayeacha kuoga, anayegawa vitu vyake bure, anayelala mchana na kutembea usiku, aliyeanza kunywa Jumatatu. Na huyo asiyekuja kusaini boom, kwa sababu mwanafunzi anayeiacha fedha ya kula miezi miwili ama ni mgonjwa, ama hayupo, ama ameacha kuhesabu kwamba miezi hiyo miwili itafika.

Umri wenyewe unachangia. Magonjwa mengi ya akili huanza kujitokeza kabla ya miaka 25, na saikosisi, ile hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hupenda kubisha hodi mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa utu uzima. Yaani inamkuta mtu chuoni, mbali na mama yake ambaye angeigundua kwa kumtazama tu anavyoshika kijiko. Juu ya hapo weka sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na boom ambayo nusu yake imetumwa nyumbani kwa sababu mtama haukukubali mwaka huu na mdogo wake anadaiwa michango shuleni. Wanafunzi wa mikoa yetu hii wanabeba kaya nzima mgongoni. Halafu tunawaandikia "utoro".

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika chuo kingine, nililetewa jina la binti aliyekuwa analia maktabani. Nikamwandikia barua. Barua ya chuo, yenye nembo na mhuri: "Unatakiwa kuripoti ofisi tajwa hapo juu bila kukosa." Kwa akili yangu nilikuwa namsaidia. Yeye aliisoma kama wanafunzi wote wanavyozisoma barua za namna hiyo, akaona amefukuzwa. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye basi la Singida na begi lake. Ilinichukua wiki tatu na shangazi mmoja mwenye subira kumrudisha. Tangu siku hiyo sijamwita mwanafunzi kwa barua. Naenda mwenyewe, au namtuma mtu anayempenda, na maneno yetu ni mepesi: "Tumekukosa. Umekula?"

Kijana wa boom nilimkuta bwenini, amekaa kitandani na ndoo ya nguo zilizolowa miguuni. Sikumuuliza habari za boom. Niliuliza maji yanatoka saa ngapi siku hizi, maana Dodoma hilo ni swali halali wakati wowote. Akanijibu kwamba usiku. Kisha, bila mimi kumsukuma, akasema nguo zina harufu ambayo watu wote wanaisikia, wanaisemea akipita. Nilikaa naye dakika arobaini. Sikumbishia kuhusu harufu. Kubishana na mtu juu ya anachokisikia ni kumfungia mlango. Nilimwambia, "Inaonekana imekuchosha sana, mwanangu," naye akainamisha kichwa.

Hapo ndipo kipimo kinapoingia. Kwa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, tunatumia fomu ya maswali 9, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Anayefikisha 10 na kuendelea tunakaa naye zaidi. Fomu haithibitishi ugonjwa, inaonyesha tu pa kuchimba. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na ndilo walimu wanaloliogopa kupita yote. Wanadhani ukiuliza utampa mtu wazo. Hapana. Aliye nalo analo tayari, na wengi hushusha pumzi wanapoulizwa waziwazi. Mimi huuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Umefikia hatua ya kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, nauliza umepanga vipi na kifaa kiko wapi, na simwachi peke yake mpaka apatikane wa kukaa naye.

Kinachotukwamisha hapa ni sheria pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wanafunzi wanalijua hilo kuliko wanavyojua ofisi yangu iko ghorofa ya ngapi. Kwa hiyo mwenzao akimeza vidonge watasema alikula chakula kibovu, na daktari anatibu tumbo. Nimewahi kuwaomba viongozi wa bweni wanipigie mimi kwanza kama wanaogopa kusema hospitali, kisha tutakwenda wote. Si utaratibu ulioandikwa popote. Unafanya kazi.

Kuhusu wanaosumbua, yaani anayepiga kelele ukumbini, anayetukana, anayerusha kiti, nina maneno machache. Mhadhiri asishindane naye mbele ya watu mia tatu; atoe mapumziko, ukumbi upungue. Waende watu wawili watulivu, sauti chini, njia ya kutokea iwe wazi kwake na kwao. Walinzi wawe karibu lakini wasimzingire. Kisha zahanati kabla ya kamati ya nidhamu, na zahanati ianze na kipimo cha malaria na cha sukari, iulize kifafa, iulize bangi na pombe. Nimeona malaria iliyopanda kichwani ikiandikiwa barua ya kujieleza. Kamati ya nidhamu ina kazi yake, na mtu mgonjwa anaweza pia kuwa amemuumiza mwenzake, ambaye naye anastahili kusikilizwa. Ila mlolongo uwe huo.

Halafu kuna kuanguka kwa wasichana bwenini, jambo ambalo kila mlezi atakutana nalo karibu na mitihani. Mmoja anapiga ukelele, wa pili anadondoka, baada ya saa moja wapo kumi na watu wanataja mapepo. Si jambo la jana. Mwaka 1962, kwenye shule ya wasichana ya Kashasha kule Bukoba, kicheko kilianza kwa watatu kikakamata 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa. Sibishani na anayetaka kuomba. Naomba tu wa kwanza atolewe pale haraka, apelekwe chumba chenye utulivu, simu za kurekodi zizimwe, na kesho yake tuzungumze na bweni zima kuhusu kinachowabana.

Rufaa yetu Dodoma ina faida na hasara yake. Faida ni kwamba Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko hapa hapa mjini, wakati mikoa mingine inasafirisha mgonjwa siku nzima. Hasara ni jina. Watoto wa Tanzania nzima wanakua wakitaniana "wewe wa kupelekwa Mirembe," kisha unamwambia mtu wa miaka 21 kwamba keshokutwa asubuhi mtakwenda huko. Sidanganyi kwa kusema tunakwenda "hospitali". Nataja jina, naeleza kwamba nilifanya kazi ya namna hiyo, kwamba kuna kliniki ya wanaokuja na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kwamba nitakaa naye benchi moja. Kijana wangu aliuliza kama darasa litajua. Nikamwambia halitajua kutoka kwangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, ofisi ya unasihi inayovuja haipati mteja wa pili. Mzazi naye tulimpigia kwa ridhaa yake, tukiwa wote watatu kwenye simu, spika imewashwa. Ningempigia bila ridhaa kama maisha yake yangekuwa hatarini, na nilimwambia hivyo mwanzoni kabisa.

Aliahirisha masomo mwaka mmoja. Vyuo hujipongeza hapo, kwamba kesi imefungwa. Mimi naona ndipo ugumu unapoanza. Aliporudi Novemba alikuwa ameongezeka uzito, dawa anazokunywa usiku zilikuwa zinamfanya ashindwe kuamka, na ratiba mpya ilimpa kipindi cha saa moja asubuhi mara tatu kwa wiki. Wanafunzi aliokuwa nao walikuwa mbele, hawa wapya hawamjui. Tulichofanya ni kidogo. Daktari alisogeza muda wa dawa hadi mapema jioni, mtu wa taaluma akamhamishia kwenye kundi la semina la mchana, na mama ntilie, ambaye hajui lolote kuhusu dawa wala Mirembe, alikubali kunipigia akiona ameanza tena kuagiza chai kavu.

Wiki iliyopita kulikuwa na kusaini. Nilipita kwenye foleni nikijifanya natafuta mtu mwingine. Alikuwa wa arobaini hivi, ameshika kitambulisho, anamlalamikia aliyemchomekea mbele.