Kalamu au Patasi? Dhana potofu za wanaojifunza kaligrafia

Wanaoanza kaligrafia siku hizi wengi hawaanzii kwa mwalimu. Wanaanzia kwenye simu: picha ya ukurasa wa kale wenye herufi kubwa zilizojipindapinda kama mzabibu, au video ya mtu akiandika jina la bibi harusi juu ya bahasha kwa sekunde kumi. Wananunua kalamu ya kuchovya, wanajaribu, wino unadondoka matone, na baada ya wiki mbili kalamu imelala kwenye droo. Wanaulaumu mkono wao, kumbe mkono hauna kosa. Wameingia na imani zisizo sahihi.

"Nikifanya mazoezi ya kutosha, mstari wangu utafanana na wa kitabuni"

Hii ndiyo inayokatisha wengi tamaa, kwa hiyo nitakaa nayo. Kitabu kinachokimbiliwa na wapenzi wa mwandiko wa Kiingereza wa karne ya 18 ni The Universal Penman cha George Bickham, kilichotolewa London kwa mafungu kuanzia 1733 hadi 1741. Kina kurasa 212 zenye miandiko ya mabingwa 25. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaouona mle uliotoka moja kwa moja kwenye kalamu. Bickham alikuwa mchongaji. Alichukua bamba la shaba, akayaweka maneno kinyumenyume, akafuata kila mstari kwa kipatasi chenye ncha kali. Bamba likapakwa wino, likafutwa, wino ukabaki kwenye mifereji, kisha likakandamizwa kwenye karatasi. Jina Copperplate, ambalo mwandiko huo unalo mpaka leo, maana yake ni bamba la shaba basi.

Sasa fikiria tofauti yake. Kipatasi hakikaukiwi wino, wala hakinasi kwenye nyuzi za karatasi. Mchongaji anaweza kuishia katikati ya duara, akanywa chai, akaendelea kesho yake. Mimi nilipoteza miezi nikiusaka ule mstari mwembamba kama unywele, usiotetereka hata kidogo. Nikabadilisha nibu, yaani kile kincha cha chuma cha kalamu, nikabadilisha wino, nikabadilisha hata meza. Halafu siku moja nikakutana na picha ya barua halisi ya karne hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa unyoya wa bata bukini. Nilicheka peke yangu. Mistari inayopanda ilikuwa ikitikisika, wino umekoza pale mwandishi alipotoka kuchovya na kufifia kadiri neno lilivyosonga mbele, na bado ulikuwa mwandiko wa kupendeza mno.

Waandishi wenyewe walilijua hili mapema. Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa nyaraka za Vatican, alitoa kijitabu cha kufundisha mwandiko wa kiitaliki, La Operina, chenye tarehe ya 1522. Kilichongwa kwenye mbao. Ndani yake anamwomba msomaji radhi, kwamba chapa haiwezi kuuonyesha kikamilifu mkono ulio hai. Miaka mia tano imepita na bado tunajipima kwa chapa.

Basi Bickham atupwe? Hasha. Mwangalie kwa maumbo, nafasi kati ya herufi, na jinsi mapambo yanavyojaza pembe za ukurasa bila kusongamana. Tabia ya wino itafute kwenye miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Ndivyo alivyofanya Edward Johnston, aliyefufua mwandiko wa kalamu yenye ncha pana Uingereza. Alikwenda British Museum akakaa na miswada yenyewe, akaangalia wapi mstari unanenepa na wapi unakonda, mpaka akajua kalamu ilikatwaje na ilishikwa kwa pembe gani. Kitabu kimoja cha Zaburi kilichoandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 10, kinachojulikana kama Harley 2904, ndicho kilichokuwa msingi wa mwandiko aliowafundisha wanafunzi wake. Kitabu chake cha 1906 bado kinasomwa.

"Copperplate na Spencerian ni kitu kimoja"

Ni ndugu, lakini hawalali kitanda kimoja. Platt Rogers Spencer, Mmarekani aliyefariki 1864, alitaka mwandiko wa makarani: wa haraka, mwepesi, wenye unene hapa na pale tu. Umelala kwa digrii 52, na herufi zake ndogo ni nyembamba kiasi kwamba ukisogeza ukurasa mbali unabaki kuona mawimbi. Copperplate hunenepesha karibu kila mstari unaoshuka. Kama unadhani hujawahi kuona Spencerian, umeiona: mwaka 1886 mhasibu aitwaye Frank Robinson aliandika jina la Coca-Cola kwa mtindo huo, na limebandikwa kwenye ukuta wa duka la mtaani kwenu.

Anayechanganya mambo haya mawili huchukua kasi ya huku na unene wa kule, akapata madoa.

"Unene unatokana na nguvu"

Tazama nibu yenye ncha kali kwa karibu. Imepasuliwa katikati, ina vidole viwili vya chuma. Ukiivuta kuja kwako na kuibonyeza kidogo, vidole vinaachana na wino unajaza mwanya. Ukiisukuma kupanda na mkono bado umebonyeza, ncha inachimba karatasi na kukurushia wino usoni. Andika herufi n: panda bila uzito wowote, kana kwamba kalamu haipo, geuka juu, anza kubonyeza ukiwa tayari unashuka, achia kabla hujafika chini. Kazi yote iko kwenye pale pa kuachia. Wengi huachia wakiwa wameshafika mstarini, ndiyo maana herufi zao zina miguu mizito kama viatu vya mvua.

"Bila vifaa vya bei mbaya huwezi"

Nibu ambayo walimu wengi humpa mwanafunzi leo ni Nikko G ya Japani, na inapendwa na wachoraji wa katuni za huko. Ni ngumu kidogo, haina bei ya kutisha, inavumilia mkono mzito. Nibu mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo hufukuza wino. Isugue kwa dawa ya meno kabla ya kuilaumu. Duka moja liliniuzia seti nzuri ya nibu za ncha pana huku nikitaka zenye ncha kali, nami nikahangaika nazo mwezi mzima. Karatasi ndiyo ya kuchagua kwa makini: ile ya fotokopi mara nyingi husambaza wino kama kitambaa. Jaribu madaftari kabla ya kununua pakiti nzima.

Vitabu vya kale navyo havihitaji pesa. Hakimiliki zake zimekwisha, na chama cha wanakaligrafia wa Marekani kiitwacho IAMPETH, kilichoanzishwa 1949, kimeweka vingi mtandaoni bure. Video pia zina faida yake, kwani ndizo pekee zinazoonyesha mkono ukitembea. Kumbuka tu kwamba nyingi zimeongezwa kasi.

Wenye mkono wa kushoto: inawezekana kabisa. Wengi wenu hata hamhitaji ule mpini wa kalamu uliopinda, kwa sababu mkono wenu tayari unaelekea upande wa mlalo wa herufi.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Neno kalamu lenyewe limetufikia kwa Kiarabu. Siyu, katika kisiwa cha Pate kwenye pwani ya Kenya, ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi. Na anayejifunza khati, yaani kaligrafia ya Kiarabu, kwa njia ya jadi hapati tatizo la Bickham, maana mwalimu huandika mbele yake, huisahihisha kazi yake juu ya karatasi ile ile, na mwisho humpa ijaza, yaani idhini ya kwamba amehitimu. Hata kipimo hakitoki nje ya kalamu. Tangu Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki 940, urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta, na nukta hupigwa kwa kalamu ile ile inayoandika. Ukichukua kalamu nene zaidi, nukta inakua, na alifu inakua nayo.