Sampuli ikishapanda ndege

Pendekezo la utafiti wa VVU likifika kwenye kamati ya maadili ninayokaa, wenzangu huanza na kurasa za dozi na madhara. Mimi naanzia nyuma, kwenye mkataba wa sampuli. Nimekulia maabara, na sisi watu wa maabara tukisikia neno ushirikiano wa kimataifa, cha kwanza tunachouliza ni nani ana ruhusa ya kufungua friza.

Wengi hudhani sampuli ni kichupa cha damu tu. Damu ikitolewa saa mbili asubuhi, seli hai za kupimia kinga lazima ziwe zimetenganishwa siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Unaimimina damu taratibu juu ya kimiminika kizito, unaizungusha kwenye mashine: seli nyekundu zinashuka chini, plazima inabaki juu, na katikati unajitokeza utando mweupe, mwembamba kiasi kwamba mgeni anaweza asiuone. Mali yenyewe ni hiyo. Unaifyonza kwa pipeti, unaisafisha, unahesabu seli kwa darubini, unazigandisha polepole, kama digrii moja kwa dakika, kisha unazihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zitakaa miaka. Tangi lisipojazwa, kazi ya miaka hiyo yote inaharibika wikendi moja. Aliyewahi kutetea bajeti ya naitrojeni mbele ya mhasibu ananielewa.

Kazi hiyo hufanywa na vijana wetu, huku kwetu. Lakini utafiti mwingi unaojulikana duniani ulizaliwa baada ya vichupa hivyo kusafiri, na kisa cha Majengo, Nairobi, kinafaa kukumbukwa kila mkataba unapowekwa mezani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza kazi ya magonjwa ya zinaa na wanawake wa Majengo wanaouza ngono. Waliokuwa mstari wa mbele ni pamoja na daktari Frank Plummer na muuguzi Elizabeth Ngugi. Kipimo cha VVU kilipopatikana katikati ya muongo huo, karibu theluthi mbili ya wanawake waliopimwa walikutwa na virusi. Miaka ikapita, na watafiti wakaona jambo lisilotarajiwa: wachache kati yao walikutana na virusi mwaka baada ya mwaka na bado vipimo vyao vilitoka hasi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walipochunguza seli za baadhi yao, walikuta seli za kinga ziitwazo seli T, zinazotambua seli zilizoambukizwa VVU na kuzishambulia. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la chanjo inayoamsha seli T za aina hiyo, iliyotengenezwa kwa kufuata aina A ya virusi, inayoenea sana Kenya.

Mwaka 2000 ikajulikana kwamba upande wa Uingereza ulikuwa umeomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya chanjo hiyo bila Wakenya kuwemo. Wakenya walikuja juu, magazeti yakaandika, na hatimaye makubaliano yakarekebishwa ili nao wawe na sehemu ya umiliki. Majaribio kwa watu yakaanza Nairobi mwaka 2001 chini ya KAVI, mpango wa Kenya wa chanjo ya UKIMWI, iliyoongozwa na Profesa Job Bwayo. Chanjo yenyewe haikufika mbali, kwa sababu kinga iliyoamshwa ilikuwa dhaifu. KAVI ipo mpaka leo, na ina maabara na wataalamu wake. Kwa maoni yangu ugomvi ule wa hataza uliwafundisha watafiti wa ukanda huu kusoma mikataba kuliko semina zote zilizofuata.

Kuhusu wanawake wenyewe wa Majengo, nisiseme mengi. Walipata kondomu, ushauri na matibabu ya magonjwa ya zinaa, na hilo si dogo. Lakini damu yao ilijenga majina ya maprofesa miaka mingi kabla dawa za ARV hazijaanza kupatikana kwa wingi nchini mwao.

Tanzania ilipita njia tofauti kidogo. Muhimbili na Taasisi ya Karolinska ya Sweden walianza kushirikiana mwaka 1986, na fedha nyingi ziliingia kwenye kusomesha watu. Matunda yake yalionekana katika jaribio la chanjo ya VVU la HIVIS-03 jijini Dar es Salaam: watu 60 waliojitolea, kutoka jeshi la polisi, wakachanjwa kwa chanjo ya DNA iliyotoka Sweden, ikafuatiwa na MVA, chanjo inayobebwa na virusi vilivyodhoofishwa, iliyotoka Marekani. MVA ile ile iliingia baadaye kwenye jaribio kubwa la chanjo la PrEPVacc, lililoongozwa na Waafrika na kufanyika Masaka (Uganda), Mbeya, Dar es Salaam na Durban (Afrika Kusini). Novemba 2023 uchanjaji ulisimamishwa, kwani ilionekana wazi kwamba chanjo hazingezuia maambukizi. Jibu hilo linauma, lakini ni jibu, na walilipata watu wa hapa hapa.

Kuongoza, hata hivyo, si kushika mfuko. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mpango wa chanjo wa BRILLIANT, uliokuwa ukiongozwa kutoka Afrika Kusini, ulikatiwa fedha ukiwa karibu kabisa kuanza jaribio lake la kwanza kwa watu.

Na dawa ikifaulu? Katika jaribio la PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa lenacapavir, dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, mara mbili kwa mwaka, na matokeo ya 2024 yakaonyesha hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kampuni ya Gilead ikatoa leseni kwa watengenezaji 6 ili nchi 120 zipate dawa ya bei nafuu, inayotarajiwa kuwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, wakati Marekani inauzwa zaidi ya dola 28,000. Wanawake wa Uganda wamo kwenye orodha hiyo. Brazili, Meksiko, Peru na Argentina hazimo, ingawa watu wao walijitolea kwenye PURPOSE 2, jaribio jingine la dawa hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, pendekezo lisilo na aya inayosema dawa ikifaa itapatikana kwa nani, kwa bei ya namna gani na kwa muda gani baada ya jaribio kufungwa, huwa naomba lirudishwe. Wafadhili hujibu kwamba bei ni mambo ya watu wa biashara, yataamuliwa baadaye. Sawa, basi hao watu wa biashara waandike barua, nasi tutaiambatanisha.