Upepo wa kwenye simu na upepo wa ziwani: namna utabiri unavyohakikiwa penye milima

Kila msimu wa kusi unapoanza kuvuma katika Ziwa Tanganyika, kati ya Mei na Septemba, malalamiko ya aina moja huongezeka. Simu, tuseme, ilionyesha upepo wa kilomita 12 kwa saa, wavuvi wa dagaa wakatoka Kibirizi au Katonga, na kabla ya alfajiri upepo uliowakuta majini ulikuwa mkubwa maradufu. Mlalamikaji huhitimisha kwamba utabiri ni uongo. Wapo pia wanaohitimisha kinyume chake, kwamba kwa kuwa simu imepatia siku tatu mfululizo, hakuna haja tena ya kusikiliza taarifa rasmi. Makosa yote mawili yanatokana na kulinganisha vitu visivyolingana, na ni vyema wananchi wakafahamu namna ulinganisho huo unavyofanywa na wale ambao kazi yao ni kuufanya.

Namba inayoonekana kwenye simu kwa kawaida haitoki kwenye kifaa chochote kilichopo Kigoma. Inatoka kwenye modeli ya dunia nzima, yaani programu inayokokotoa mwendo wa hewa baada ya kuugawa uso wa dunia katika miraba. Modeli ya kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya ina miraba ya takriban kilomita 9, na ile ya Marekani takriban kilomita 13. Ndani ya mraba mmoja ardhi hupewa kimo kimoja tu. Sasa tazama pwani ya kaskazini mwa mji wa Kigoma, kupitia Gombe hadi Mwamgongo: maji yako takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilomita chache tu kutoka ufukweni ukingo wa Bonde la Ufa umekwisha kupanda mamia ya mita. Mraba wa kilomita 9 huchukua maji, ufukwe, mabonde na vilele, ukavisawazisha kuwa mteremko mmoja mlaini ambao haupo popote. Upepo uliokokotolewa juu ya mteremko huo ni sahihi kwa mteremko huo, lakini si upepo wa Mwamgongo.

Modeli za kikanda zimetengenezwa ili kupunguza tatizo hili. Inayotumiwa zaidi, hapa Tanzania na katika nchi nyingine nyingi, ni WRF, ambayo inaweza kuendeshwa kwa miraba ya kilomita 3 au hata 1, huku ikipokea hali ya hewa ya mipakani mwake kutoka kwenye modeli ya dunia. Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba modeli ya kilomita 3 inaliona kila jambo lenye upana wa kilomita 3. Haioni. Umbo lolote la upepo linahitaji miraba sita hadi saba kabla halijatokea vizuri katika hesabu, kwa hiyo modeli ya kilomita 3 huanza kuaminika kwa mambo yenye upana wa kilomita 20 hivi. Mabonde ya Gombe ni membamba kuliko hapo kwa mbali sana. Mlima Nkungwe kule Mahale, wenye mita 2,462, nao hushushwa kimo ndani ya modeli kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachofanya jambo hili liwe zito kwa mkoa wetu wa Kigoma ni kwamba upepo wa ziwani si mmoja. Kusi ni upepo mpana, unasafiri mamia ya kilomita na kufuata urefu wa ziwa katikati ya kuta za milima, na modeli humfahamu kusi vizuri. Juu yake huongezeka pepo za kienyeji: mchana ardhi hupata joto kuliko maji na upepo huingia nchi kavu, na usiku hewa ya miteremkoni hupoa, ikawa nzito, ikashuka kupitia mabonde hadi ziwani. Pepo hizi za usiku ndizo zinazowakuta wavuvi wa taa, na ndizo ambazo modeli yenye milima iliyosawazishwa huzikosea, ama kwa kuzidhoofisha, ama kwa kuzichelewesha, ama kwa kuzitoa kwenye bonde lisilo lake. Pepo za ghafla za mawingu ya radi, zinazotokea msimu wa mvua, ni suala jingine kabisa: hudumu dakika chache, na hakuna namba ya saa nzima inayoweza kuzibeba.

Sasa kuhusu uhakiki wenyewe. Hatua ya kwanza ni saa. Modeli huandika muda kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Utabiri wenye alama ya 00 ni wa saa tisa usiku, na wenye alama ya 12 ni wa saa tisa alasiri. Malalamiko kadhaa huishia hapa, kwa kuwa mlalamikaji amelinganisha upepo wa usiku wa manane na namba ya alfajiri. Hatua ya pili ni kimo. Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, na kipimaupepo huwekwa mbali na kizuizi chochote kwa angalau mara kumi ya kimo cha kizuizi hicho. Kipimaupepo kilichofungwa kwenye fito ya mita 2, hata kama uwanja ni wazi na wenye nyasi fupi, kitaonyesha takriban asilimia 70 ya upepo wa mita 10, kwa hiyo kilomita 20 kwa saa zitasomeka kama 14. Kilichofungwa juu ya bati la nyumba hakifai kwa uhakiki, na hatutaki kubishana tena kuhusu hilo.

Hatua ya tatu ni wastani. Kituo hutoa wastani wa dakika kumi, mvuvi hukumbuka pigo la sekunde tatu, na modeli hutoa hali ya mraba mzima. Vitu hivi vitatu havina sababu ya kulingana hata kama vyote ni sahihi. Hatua ya nne ni mwelekeo, ambao una hesabu yake. Upepo wa nyuzi 350 na upepo wa nyuzi 10 vinatofautiana kwa nyuzi 20 tu, na wastani wake ni kaskazini. Anayejumlisha na kugawa kwa mbili atapata 180, yaani kusini. Saa ambazo upepo umetulia huondolewa kwenye hesabu ya mwelekeo, kwa sababu hewa isiyosogea haina upande. Baada ya hapo ndipo makosa hupangwa, usiku peke yake na mchana peke yake, kiangazi na masika, na hapo ndipo tabia ya modeli hujitokeza. Wastani wa mwaka mzima huficha mengi, kwa kuwa kosa la kuzidisha mchana hufuta kosa la kupunguza usiku, na mwishowe modeli mbovu huonekana njema.

Tabia hiyo imeshaandikwa na watafiti wa nchi nyingine pia: WRF, isiporekebishwa, huelekea kuzidisha upepo wa mabondeni na tambarare na kupunguza upepo wa vileleni. Ndiyo maana nchi zenye uwezo zimewahi kujaza vipimo mahali padogo ili kulielewa jambo hili, kama kwenye kilima cha Askervein huko Scotland mwaka 1982 na 1983, ambacho kina mita 116 tu, na kwenye safu mbili za Perdigão nchini Ureno mwaka 2017, ambako minara ya vipimo ilisimikwa kwa makumi. Sisi tunategemea vituo vichache. Kituo cha uwanja wa ndege kiko nchi kavu, kinatoa habari njema kwa marubani, na hakiwezi kushuhudia kilichotokea Kagunga au Kalya.

Iko pia adhabu ya kihesabu ambayo hata baadhi ya wataalamu huisahau. Modeli yenye miraba midogo ikionyesha upepo mkali kweli, lakini kilomita 10 kusini ya mahali ulipotokea, huhesabiwa kosa mara mbili: ilipoweka upepo usiokuwepo, na ilipokosa uliokuwepo. Modeli yenye miraba mikubwa, isiyoonyesha chochote, huhesabiwa kosa moja. Kwa takwimu hizo ya pili hushinda, ingawa kwa mvuvi ya kwanza ndiyo yenye faida.

Wapo wanaotaka kusimika vipimo vyao wenyewe, na tunawashukuru. Hata hivyo Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Na. 2 ya mwaka 2019, inahitaji vituo vya hali ya hewa visajiliwe, na inakataza kutoa utabiri au tahadhari kwa umma bila kibali. Kuharibu vifaa vya hali ya hewa ni kosa pia, pamoja na kung'oa waya na paneli za jua, na anayefikishwa mahakamani anakabiliwa na faini au kifungo. Kusambaza kwenye makundi ya simu picha ya modeli ya nje ukiiita “tahadhari” hakukupi kinga yoyote. Tahadhari rasmi hutolewa kwa ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na huandikwa na mtabiri aliyekwisha kuzingatia makosa ya modeli tuliyoyaeleza. Kwa sababu hiyo haitafanana kila mara na namba ya simu.

Mwananchi anayetaka malalamiko yake yaingie kwenye uhakiki aandike mahali alipokuwa, akitaja mwalo wa karibu na umbali wa kukadiria kutoka ufukweni, tarehe, saa upepo ulipoanza na saa ulipotulia, upande ulikotoka, si ulikoelekea, na kama kulikuwa na radi. Ampatie karatasi hiyo kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi wa mwalo wake, au ailete ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu, ikiwezekana ndani ya wiki hiyo hiyo, wakati matokeo ya modeli ya siku husika bado yapo mikononi na yanaweza kufunguliwa saa kwa saa.