Haidrenjia: Rangi ya Ua Hutoka Ardhini

Kila mwaka hunijia mtu akilalamika kwamba haidrenjia aliyoinunua ikiwa ya buluu imechanua waridi baada ya kukaa bustanini kwake msimu mmoja, naye anaamini kuwa muuza miche alimdanganya. Mara nyingi hakudanganywa. Kichaka hiki, ambacho asili yake ni Japani na huko huitwa ajisai, hubadili rangi kwa kufuata udongo kilimopandwa.

Buluu huletwa na alumini. Madini hayo yamo karibu katika kila udongo, lakini mizizi huweza kuyafyonza pale tu penye tindikali ya kutosha, yaani pH (kipimo kinachoshuka kadiri tindikali inavyozidi) iliyo chini ya 5.5 hivi; ikipanda kupita 6.5, alumini hufungika ardhini na maua huwa ya waridi. Chai nayo hupenda tindikali, na ndiyo sababu huku Limuru, Kenya, haidrenjia zinazopakana na mashamba ya chai huwa buluu bila kusaidiwa, ilhali zile zilizopandwa chini ya ukuta wa saruji huelekea waridi, kwa kuwa mvua huteremsha chokaa ya ukuta hadi mizizini. Aina nyeupe hazigeuki buluu hata ukizihudumia vipi.

Anayetaka buluu aiepuke mbolea ya DAP, kwa maana fosforasi yake huishika alumini kabla mmea haujaipata. Ili kuongeza alumini, mimi hutumia shabu, ileile ya kutakasia maji: kijiko kimoja cha mezani cha unga wake katika lita 4 za maji, nikimwagilia shinani udongo ukiwa tayari na unyevu, kisha nikingoja wiki kadhaa kabla ya kurudia. Kuzidisha kipimo huunguza mizizi. Mabadiliko huonekana katika maua yatakayofuata, kwa hiyo subira inahitajika.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kupogoa. Machipukizi ya maua hujitunga katika ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa, wakati wa baridi, na mtu anayefyeka kichaka chote baada ya baridi hiyo huwa ameyakata maua yenyewe, akabaki na majani matupu. Kata mara tu vichwa vinaponyauka, juu ya jozi ya macho ya tawi (machipukizi machanga) yaliyonenepa, na matawi mazee machache uyaondoe kutoka shinani.

Kivuli cha mchana, matandazo mazito na maji ya kutosha vinakitosheleza. Majani mapana hulegea upesi juani. Kwa vipandikizi, chukua tawi lisilochanua, la sentimita 10 hadi 15, uliachie majani mawili yaliyopunguzwa nusu, nalo hutoa mizizi kwa takriban mwezi mmoja likiwa kivulini.

Mwenye mbuzi akizungushie uzio kichaka hiki, kwa sababu majani na machipukizi yake yana sumu.