Mwezi unachomoza saa ngapi Dodoma?

Mimi ni mpima ardhi, na kwa kuwa kazi yetu inahusu pembe, mahali na wakati, watu wanaonifahamu hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara kama usiku wa tarehe fulani kutakuwa na mbalamwezi, na kama itakuwepo, itaanza saa ngapi. Mmoja anapanga mkesha, mwingine anataka kuswaga mifugo alfajiri kwenda mnadani, mwingine analinda mtama uliokaribia kuvunwa. Programu za simu hujibu swali hilo kwa sekunde chache. Hata hivyo, anayeielewa hesabu yenyewe anaweza kulijibu bila simu, na akiitumia simu atajua ni wakati gani jibu lake linahitaji kurekebishwa.

Kanuni ya msingi ni nyepesi, na saa zetu, zinazohesabiwa tangu Jua kuchomoza na tangu kuchwa, zinaifaa kuliko saa za kizungu. Wakati wa giza la Mwezi, Mwezi huchomoza saa 12 asubuhi na kutua saa 12 jioni, sambamba na Jua, ndiyo maana hatuuoni. Ukifika robo ya kwanza, yaani unapokua na kuonekana nusu duara, huchomoza saa 6 mchana na kutua saa 6 usiku. Mwezi mpevu huchomoza saa 12 jioni na kutua saa 12 asubuhi, na ule wa robo ya mwisho, uliopungua hadi nusu duara, huchomoza saa 6 usiku na kutua saa 6 mchana. Kwa ufupi, nusu ya kwanza ya mzunguko hutupatia mwanga jioni, na nusu ya pili hutupatia mwanga kuelekea alfajiri.

Kwa Dodoma, hata hivyo, kanuni hiyo inahitaji nyongeza ya nusu saa na ushei. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu na usiogusa ardhi ya Tanzania hata kidogo. Mji wa Dodoma uko karibu digrii 35.7, na kwa kuwa Dunia hutumia dakika 4 kuzunguka digrii moja, Jua letu la utosini huchelewa kwa wastani wa dakika 37, wastani ambao hupungua au kuongezeka kwa takriban robo saa kadiri mwaka unavyokwenda. Kwa hiyo Mwezi mpevu wa Dodoma tuuhesabie saa 12 na nusu jioni na dakika kadhaa, na Mwezi wa robo saa 6 na nusu na dakika kadhaa. Anayesoma jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya Dar es Salaam aongeze kama dakika 14. Ndugu zetu wa Kigoma wako nyuma ya Dar es Salaam kwa karibu dakika 39, na kwao jedwali hilo likitumika lilivyo hupotosha waziwazi.

Kati ya hatua hizo nne, Mwezi huchelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50. Ukilinganishwa na Jua, Mwezi husogea kuelekea mashariki kiasi cha digrii 12.2 kwa siku, na Dunia huhitaji dakika 49 za ziada ili kuufikia. Ndani ya dakika hizo Mwezi unakuwa umesogea tena kidogo, ndipo 50 zinapotimia. Wengi huishia hapo na kuzidisha 50 kwa idadi ya siku, kisha hushangaa jibu linapokosea kwa saa nzima. Wastani ni wastani tu. Njia ya Mwezi kuizunguka Dunia ni duaradufu, na Mwezi huenda kasi unapokuwa karibu nasi, kwenye kilomita 363,000 hivi, na huenda polepole unapokuwa mbali, kwenye kilomita 405,000 hivi.

Mzunguko ulioanza 7 Septemba 2025 unaonyesha jambo hili vizuri. Usiku huo Mwezi ulipatwa kikamilifu, na giza lake jekundu liliweza kuonekana Tanzania kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku. Upevu wenyewe ulitimia saa 3:09 usiku, kwa hiyo hapa Dodoma Mwezi ulichomoza karibu sawia na machweo. Robo ya mwisho ilifika 14 Septemba saa 7:33 mchana, giza la Mwezi 21 Septemba saa 4:54 usiku, robo ya kwanza saa 8:54 usiku wa kuamkia 30 Septemba, na upevu uliofuata 7 Oktoba saa 12:47 asubuhi. Ukipiga hesabu utaona kwamba robo iliyofuata upevu ilichukua siku 6 na saa 16, ilhali robo iliyofuata giza ilichukua siku 8 na saa 4. Umbali katika mzunguko ni uleule wa digrii 90, lakini tofauti ni siku moja na nusu, kwa sababu Mwezi ulikuwa karibu zaidi na Dunia mnamo 10 Septemba na mbali zaidi mnamo 26 Septemba. Katika robo ile ya haraka, Mwezi ulichelewa kuchomoza kwa karibu dakika 54 kila siku, na katika ile ya polepole, kwa karibu dakika 44. Mzunguko mzima ulichukua siku 29, saa 9 na dakika 38, pungufu ya wastani unaojulikana wa siku 29, saa 12 na dakika 44.

Sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu, kwani njia ya Mwezi hukata upeo wa macho karibu wima mwaka mzima, na machelewo ya kila siku hubaki kati ya dakika 40 na saa moja na ushei. Kule Uingereza, Mwezi mpevu wa Septemba unaweza kuchelewa chini ya nusu saa kwa siku kadhaa mfululizo. Wima huohuo ndio unaofanya Mwezi mchanga wa hapa ulale kama mtumbwi, pembe zake zikitazama juu, wakati kalenda nyingi zinazouzwa madukani huuchora umesimama. Sioni sababu ya wachoraji wetu kuendelea kuiga anga la watu wengine.

Jambo jingine linalowatatiza watu ni tarehe isiyo na mchomozo. Mwezi ukichomoza Jumatatu saa 5:40 usiku, mchomozo unaofuata utakuwa saa 6:30 usiku, ambayo kwa kalenda ya ofisini, inayobadili tarehe saa 6 usiku, tayari ni Jumatano. Jumanne inabaki na nafasi tupu kwenye jedwali, wala si kosa la uchapaji. Kwa anayehesabu siku kuanzia magharibi, pengo hilo halitokei wakati wa robo ya mwisho bali siku za upevu, pale Mwezi unapovuka kutoka kuchomoza kabla ya machweo hadi kuchomoza baada yake.

Anayetaka mwanga wa kufanyia kazi asidanganywe na umbo. Mwezi wa nusu duara hautoi nusu ya mwanga wa Mwezi mpevu. Hutoa karibu sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu uso wake una mabonde na milima ambayo, Jua likiipiga kwa upande, hujaa vivuli. Mlinzi wa shamba anayetegemea robo ya kwanza ataona njia, lakini hatamtambua nguruwe pori kwenye kingo za mtama.

Mwisho kuna milima yenyewe. Saa za jedwali huchukulia kwamba upeo wa macho ni tambarare, na mji wetu umezungukwa na vilima vya mawe. Ukisimama Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukatazama mashariki kuelekea Bahi, Mwezi huchomoza karibu kama jedwali linavyosema. Aliyeko chini Bahi ana ukingo huohuo magharibi mwake, hivyo kwake Mwezi huwahi kutua. Kuupima mlima hakuhitaji theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe. Nyoosha mkono mbele yako: upana wa ngumi ni karibu digrii 10, na wa kidole kimoja karibu digrii 2. Kila kidole cha mlima kilichoko juu ya upeo wa macho kihesabie dakika 8, uziongeze kwenye mchomozo kama mlima uko mashariki, au uzipunguze kwenye kutua kama uko magharibi.