Kombolela ya mji mzima, ni mchezo gani huo?

Wadogo zangu hapa Makorora, Tanga, wamesikia kuna mchezo wa kukimbizana usiku, wanacheza watu wazima, mji mzima, na kuingia bure, wakaniuliza ni kitu gani hasa. Nikawaambia chukua kule kukimbizana kwetu kwa utotoni, akikugusa umeshikwa, halafu toa mtaa weka mji wote.

Unaojulikana sana unaitwa Journey to the End of the Night, ulianzia San Francisco, Marekani, mwaka 2006, ukasambaa miji mingine. Unafika, unajiandikisha, unasaini karatasi kwamba ukiumia ni juu yako, unapewa ramani na utepe wa kufunga mkononi. Ramani ina vituo, kila kituo lazima upite wakusainie, mpaka ufike mwisho. Njiani kuna wakamataji wenye utepe wa rangi nyingine. Ukiwa ndani ya eneo la kituo hakuna wa kukugusa, ukitoka tu shauri yako.

Sasa ukiguswa, na hapa ndo panaponipendeza kuliko pote, hutolewi! Unampa aliyekushika utepe wako, unavaa wa wakamataji na wewe unaanza kuwawinda wenzako, hata yule rafiki uliyekuja naye, kwahiyo hakuna anayerudi nyumbani mapema amenuna, na kadiri usiku unavyoenda wakimbiaji wanapungua wakamataji wanaongezeka, kipande cha mwisho kinakuwa kigumu balaa. Na mkamataji aliyekusanya tepe nyingi ana sifa yake pia.

Chukulia hapa Tanga unaanzia Ngamiani kwenye barabara za namba, kituo kimoja Jamhuri Park pale kwenye mnara wa saa, mwisho Raskazone. Ngamiani barabara zimenyooka, mtu anakuona toka mbali, ila na wewe kona za kukatia unazo kibao. Shida ni reli. Ngamiani iko upande huu, mjini upande ule, na pa kuvukia panahesabika, mkamataji mwenye akili hahangaiki kukimbia, anakaa palepale anakusubiri. Ndo maana nasema anayeshinda mchezo huu ni anayeujua mji, mbio zinafuata baadaye.

Baiskeli hairuhusiwi, najua kwa Tanga hii inauma. Ni miguu na usafiri wa umma tu, daladala sawa, bodaboda kwa maoni yangu hapana maana inakushusha popote unapotaka.

Na hiyo bure msiichukulie poa. Wanaosimama vituoni wanajitolea, hakuna kiingilio, kingewekwa hata cha buku tano nusu ya vijana wa huku wangebaki barazani.

Kitu kimoja kwa kwetu lazima kiwekwe sawa kabla hata ya ramani: mtu akikimbia usiku huku anafukuzwa, watu watajua ni mwizi, na mnajua kinachofuata. Kwahiyo serikali ya mtaa na polisi jamii waambiwe mapema, utepe uwe wa rangi kali unaoonekana, wapita njia wakiuliza simama uwaeleze hata kama utashikwa, na neno "mkamate" lisitamkwe na mtu yeyote usiku huo.